Kusoma Alama za Vipande Vidogo vya Umeme

Chukueni daftari na kalamu. Leo twajifunza kusoma maandishi yaliyopigwa juu ya vipande vidogo vilivyomo ndani ya redio, chaja ya simu na vyombo vingine vya namna hiyo. Fundi asiyeyasoma vizuri huweza kuharibu chombo cha mtu, na mara nyingine, kama mtakavyosikia, huweza kumwua mwenye chombo.

Tuanze na resista, yaani kipande kinachozuia umeme usipite kwa wingi. Resista za siku hizi zilizobandikwa juu ya bodi ni ndogo kuliko punje ya mchele, wala hapana nafasi ya kuandika mengi. Kwa hiyo nyingi huandikwa tarakimu tatu tu. Mbili za kwanza ni namba yenyewe, na ya tatu yakuambia uongeze sifuri ngapi. Andikeni 103. Kumi, kisha sifuri tatu: omu 10,000. Sasa andikeni 100. Wengi watasema ni omu mia moja. Sivyo! Ni kumi bila kuongeza sifuri yo yote, basi ni omu 10. Herufi R ikiwa katikati ni nukta, kwa hiyo 4R7 ni omu 4.7.

Kapasita, yaani kipande kiwekacho akiba ya umeme, hufuata kanuni ile ile, ila kipimo chake ni pikofaradi. 104 ni pikofaradi 100,000, nazo ni sawa na maikrofaradi 0.1.

Transista zina desturi yake. Zile za mtindo wa Kijapani hukatwa jina: ukiona C1815, jina kamili ni 2SC1815. Zile ndogo sana zenye miguu mitatu ni taabu zaidi, kwa sababu alama moja yaweza kuwa ya vipande viwili mbalimbali. Alama 1A hutumika kwa BC846A, ichukuayo volti 65, na pia kwa MMBT3904, ambayo mwisho wake ni volti 40. Hapo alama peke yake haitoshi. Lazima ujue mahali pale pana volti ngapi.

Sasa wekeni kalamu chini msikilize. Ndani ya chaja nyingi za simu mna kapasita bapa ya mviringo, mara nyingi ya rangi ya buluu, iliyosimama kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa waya uendao kwenye simu. Tuseme imeandikwa 222M, na Y1, na 400V pamoja na kiwimbi kidogo. 222 mwaijua sasa: pikofaradi 2,200. M ni kusema yaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Fundi aiona imepasuka. Katika kopo lake anayo nyingine, buluu vile vile, 222, imeandikwa 1KV. Afikiri moyoni, volti 1,000 ni nyingi kuliko 400, basi hii ni bora. Ailehemu, chaja yafanya kazi, mteja alipa na kwenda zake.

Hesabu yake ni sawa, lakini ameiacha alama ilindayo uhai. Y1 maana yake ni kwamba kapasita hiyo imetengenezwa na kujaribiwa ili, hata ikiharibika, isiunganishe pande hizo mbili. Ile ya kawaida ikiharibika huweza kushikana, na umeme wa ukutani, volti 230 au 240, ukapita mpaka kwenye waya wa simu na mkono wa aishikaye. Huenda ikawa baada ya mwaka mzima, wala hakuna atakayemkumbuka fundi. Hata yenye alama X2 haifai hapo. Hiyo ni ya kuwekwa baina ya nyaya mbili za umeme wa ukutani. Ukikosa Y1 dukani, mwambie mwenye chaja anunue nyingine.

Kazi ya juma hili: andikeni thamani ya resista 472, ya resista 220, na ya kapasita 223. Majibu yatasomwa mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.