Kitendawili! Tega! Mchezo wa Barazani Unaojenga Akili ya Mtoto

Leo hatuzungumzii chanjo wala lishe. Tunazungumzia mchezo usio na gharama, ambao wengi wetu tulikua nao hapa hapa Mji wa Kale.

Unakumbuka? Baada ya Magharibi, stima imepotea, watoto wamejazana barazani. Bibi asema, "Kitendawili!" Wote waitika, "Tega!" Anayeshindwa hutoa mji. Ukimpa bibi Lamu, basi atakwenda Lamu, atapokewa kwa biriani, na wewe utangoja jibu huku mate yakikutoka.

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi sana miaka ya mwanzo, na hujengwa na mazungumzo ya kupokezana: wewe useme, yeye ajibu. Televisheni husema tu, haimngoji mtoto ajibu. Huenda unasema, "Mimi sikusoma, hesabu nitamsaidia vipi?" Mama, hesabu haianzi kwa kalamu.

Mtoto mdogo mpe vyepesi, kama vile "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai. Mkubwa wa miaka 8 au 9 mtegee hiki, ambacho kimesimuliwa Zanzibar na Ethiopia, na Ulaya kimeandikwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Mtu ana chui, mbuzi na majani. Anataka kuvuka maji, tuseme pale Likoni, na feri hakuna. Mtumbwi wake humbeba yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atavusha vipi vyote?

Usimwache mtoto afikirie hewani. Kandambili iwe mtumbwi, kizibo cha soda kiwe chui, kokwa ya tende iwe mbuzi, na jani ni jani. Achezee sakafuni. Atamvusha mbuzi kwanza, arudi, amchukue chui. Hapo ndipo wengi hukwama, hata watu wazima, kwa sababu ng'ambo chui atamla mbuzi. Nyamaza. Hesabu moja hadi kumi moyoni kabla ya kusema lolote. Siri ni kwamba akimfikisha chui, arudi na mbuzi! Amwache mbuzi huku, avushe majani, kisha amrudie mbuzi. Safari 7, na hakuna aliyeliwa. Mtoto aliyegundua mwenyewe kwamba wakati mwingine hurudi nyuma ili usonge mbele, hatasahau.

Akikosea je? Tafadhali usimwambie "mjinga we," wala usimlinganishe na ndugu yake. Mtoto anayechekwa hunyamaza, na akizoea kunyamaza nyumbani, darasani hatainua mkono. Muulize tu, "Umefikaje hapo?" Mara nyingi atalisikia kosa lake mwenyewe akikueleza. Na mara moja moja akutegee yeye, nawe ushindwe, utoe mji. Watoto hupenda hilo kuliko jibu lenyewe.

Jambo moja la afya hapa. Mtoto ambaye kila mara hukuomba urudie, au haitiki ukisema ukiwa nyuma yake, huenda hasikii vizuri. Si ukaidi. Masikio yanayotoa usaha ni sababu mojawapo, na hutibika. Usitie mafuta wala maji sikioni. Mpeleke kituo cha afya akapimwe.

Sasa zamu yako, mama. Mama wawili na mabinti wawili wamekaa barazani. Wameletewa mahamri 3. Kila mmoja amekula hamri zima, hakuna aliyekosa na hakuna lililobaki. Imekuwaje? Waulize jioni ya leo nyumbani, na bibi awepo, maana yumo ndani ya jibu. Mkishindwa, nipeni mji. Lamu nimekwishakwenda.