Mashine za Kufyonza: Zabuni Hutazama Bei, Wodi Hukosa Chujio

Biashara ya mashine za kufyonza, yaani vifaa vinavyoondoa damu, matapishi na makohozi katika njia ya hewa ya mgonjwa, imekua nchini Tanzania kadiri vyumba vya upasuaji vilivyosogezwa hadi vituo vya afya, ingawa wingi wa mashine zilizonunuliwa si kipimo cha zile zinazofanya kazi.

Msambazaji mmoja wa vifaa tiba jijini Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, analalamika kwamba zabuni nyingi hutaja nguvu ya mvuto na kusahau kasi ya hewa, ilhali matapishi mazito hutolewa na vyote viwili kwa pamoja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10079 kwa mashine za kusafisha koo hutaka mvuto usiopungua kilopaskali 40 na hewa isiyopungua lita 20 kwa dakika. Kwa maelezo yake, anayeweka bei ya mashine pamoja na mipira, mitungi na machujio ya akiba hushindwa na anayeleta mashine tupu. Chujio la bakteria, ambalo hukaa kati ya mtungi na pampu, huziba likilowa. Lisipokuwepo jingine, muuguzi mwenye mgonjwa anayepaliwa hulichomoa ili kazi iendelee, majimaji yakaingia kwenye pampu, na mashine ikarudishwa dukani kwa madai ya dhamana. Msambazaji huyo ana maslahi katika machujio, lakini hoja yake ina uzito, kwani gharama hiyo huishia kwa mgonjwa.

Ofisa mmoja wa sekta ya afya anasema vituo vilivyoboreshwa vimekwisha kupatiwa mashine hizo. Kupokelewa ghalani, hata hivyo, hakuthibitishi kwamba mashine ina kidhibiti cha mvuto kinachoaminika, na bila hicho ni hatari kuitumia kwa mtoto mchanga, ambaye mvuto wake haupaswi kuzidi milimita 100 za zebaki. Wala maelezo ya kiwandani hayatoshi: katika miinuko ya Njombe, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko pwani, pampu ileile haifikii mvuto wa juu iliyoufikia Dar es Salaam.

Kwa magari ya wagonjwa na zahanati zinazokatikiwa umeme, pampu ya mkono au ya kukanyaga kwa mguu ingepaswa kuandamana na kila mashine ya betri, kwa kuwa betri iliyochoka hugundulika wakati mbaya kuliko wote. Wauzaji wanatarajia mahitaji yaendelee kupanda, na huenda wakawa sahihi. Lakini zabuni zisipoanza kupimwa kwa gharama ya matumizi ya miaka kadhaa, sehemu ya mahitaji hayo itakuwa ya kubadilisha mashine zilizokufa kwa kukosa chujio.