Chemirocha wa Kapkatet: Utangulizi kwa Msikilizaji Mpya

Taaluma ninayotaka kukuonyesha inaitwa ethnomuzikolojia, na jina hilo refu lisikutishe. Ni elimu inayochunguza muziki pamoja na watu wake: nani anaimba, anamwimbia nani, katika shughuli gani, na kwa nini wimbo umekuwa jinsi ulivyo. Hulazimiki kujua kusoma noti. Lete masikio na subira, basi. Mimi humwanzisha mgeni kwa rekodi moja isiyofika hata dakika mbili, kwani maswali yetu makubwa karibu yote yamo humo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika Mashariki na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet, kwenye vilima vya Wakipsigis ambako leo chai imetanda pande zote mbili za barabara ya Kericho kwenda Sotik. Alirekodi hapo nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliongozwa na Chemutoi Ketienya, akiitikiwa na kundi la wasichana, na hiyo ndiyo tutakayoisikiliza.

Mara ya kwanza, shika kinubi peke yake. Ni chombo cha nyuzi zilizotandazwa kutoka kwenye bakuli lililowambwa ngozi hadi kwenye upau ulioshikiliwa na miti miwili. Wakipsigis wana kibugandet, Wajaluo wana nyatiti, Wabukusu wana litungu. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Utasikia kinarudia mapigo mafupi yale yale bila kuchoka. Mara ya pili, mfuate Chemutoi: anatoa mstari, wasichana wanaupokea kwa sauti nyembamba zilizoshikamana. Mtindo huu tunauita wito na itikio. Wageni wengi hukwama hapa, wakidhani marudio ni dalili ya uhaba wa maneno. Sivyo hata kidogo. Itikio ni sakafu ya wachezaji, na kwa kuwa halitikisiki, kiongozi anapata uhuru wa kubadilisha maneno juu yake. Rudia rekodi mpaka uweze kuitikia pamoja nao. Usione haya, sote tulijifunza hivyo.

Sasa tuulize: huyu Chemirocha ni nani?

Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1897, akafanya kazi kwenye reli, kisha kuanzia 1927 akavuma kwa nyimbo za gitaa na kwa yodeli, yaani ule uimbaji wa kuivunja sauti ghafla kutoka chini hadi juu na kuirudisha. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, bila kuikanyaga Afrika. Santuri zake ndizo zilizosafiri, zikapigwa kwenye gramafoni mpaka masikioni mwa Wakipsigis. Jina likapita vinywani mwao, likatoka likiwa na umbo la Kikipsigis. Na mwenye jina naye akabadilika: kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wasichana hawa ni nusu mtu, nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, naye anahimizwa acheze mchezo wa kuruka wa Kikipsigis kwa nguvu mpaka nguo zimtoke mwilini.

Hapa naomba tutue kidogo, maana ndipo penye utamu. Yapo mambo matatu ambayo mwanafunzi lazima ayatenganishe. Kuna mtu, yule wa reli. Kuna sauti iliyotoka kwenye santuri. Halafu kuna mhusika, yaani kiumbe anayeishi ndani ya wimbo, na huyu hana deni kwa mtu yule. Ni kosa kusema wasichana wa Kapkatet walimwelewa vibaya Rodgers. Walisikia sauti isiyo na mwili, wakaipa mwili unaojua kucheza ngoma yao. Huo ni utunzi, na utunzi wa hali ya juu.

Tracey alipotafuta maneno ya kumweleza kiumbe huyu kwa wasomaji wake, alimlinganisha na Pan, mungu wa Wagiriki wa kale mwenye miguu ya mbuzi na filimbi ya matete. Kwa nini Pan? Tazama alikotoka. Tracey alizaliwa Devon mwaka 1903, chini ya Mfalme Edward VII, na Uingereza ya siku hizo ilimpenda mno Pan. Mwaka 1909 kulifunguliwa London tamthilia ya vichekesho na nyimbo iitwayo The Arcadians, yenye muziki wa Lionel Monckton na Howard Talbot. Ndani yake mfanyabiashara wa London anaanguka na ndege katika nchi ya Arcadia, nchi ya Pan ambako uongo haujulikani. Anachovywa katika kisima cha ukweli na kutoka kijana mwenye jina jipya, Simplicitas. Mmoja wa nyimbo za tamthilia hiyo unahusu filimbi za Pan. Ilichezwa zaidi ya mara 800. Sidai kwamba ndiko Tracey alikomtoa Pan wake. Ninachosema ni kwamba jina hilo lilikuwa hewani alipokuwa mtoto, na Mwingereza wa rika lake alilipata bila kulitafuta.

Kwa hiyo ukisoma maelezo ya uwanjani, yaani yale anayoandika mkusanyaji kuhusu alichorekodi, soma ukijua kwamba naye ameshiriki kumuumba mhusika. Wasichana walileta swala. Tracey akaongeza Pan.

Tracey alianzisha mwaka 1954 maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 2010, kwa ushirikiano na mradi wa Singing Wells na Ketebul Music ya Nairobi, nakala za rekodi hizi zilirudishwa kwa Wakipsigis. Tendo hili tunaliita urejeshaji, na kwangu lina uzito kuliko makala yoyote ya kitaaluma, kwa sababu linawapa wenyeji nafasi ya kuyasahihisha maelezo yetu.

Ukishaizoea rekodi ya tatu, nenda kwa zile mbili za wanaume. Jina ni lile lile. Sikiliza kama Chemirocha wao ana miguu ya swala.