Fundi Aliye Mbali Anapoona Kioo Cheusi

Maduka ya steshenari, shule na ofisi nyingi katika kata hutegemea mafundi wa kompyuta walio mjini. Fundi hasafiri, hutumia programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, akaona kioo cha mteja na kusogeza kishale kana kwamba ameketi mbele yake. Hutokea, hata hivyo, kwamba muunganisho unakubali lakini fundi anaona weusi mtupu. Wengi huulaumu mtandao na kununua bando jingine. Ikiwa programu imekwisha kuunganisha pande mbili, jambo la kwanza kuchunguzwa si bando bali ruhusa ya kuonyesha kioo.

Katika Windows, dirisha la kuomba idhini ya msimamizi linapojitokeza, kioo hufifia kwa mtumiaji, na fundi huweza kuona giza. Imewekwa hivyo kwa makusudi, ili programu yoyote isijijibie "Ndiyo" yenyewe. Mwenye kompyuta asome jina la programu inayoomba, kisha ajibu. Kwa kompyuta za Mac, tangu toleo la 10.15 la mwaka 2019, ruhusa ya kurekodi kioo hutolewa katika mipangilio ya faragha, na programu hufungwa na kufunguliwa upya, hatua ambayo husahauliwa mara nyingi.

Linux huhitaji uangalifu zaidi. Katika mfumo wake wa zamani wa maonyesho, uitwao X11, kioo hulindwa kwa ufunguo wa siri wa mtumiaji aliyeingia. Programu iliyowashwa kwa jina la mtumiaji mwingine huweza kukataliwa, kwa ujumbe kwamba haiwezi kufungua kioo. Dawa ni kuiwasha kwa jina lile lile, au kumruhusu mtumiaji huyo mmoja tu. Wapo wanaoshauri amri ya "xhost +". Kweli hufungua, lakini huondoa ukaguzi wote: programu yoyote inayokifikia kioo hicho huweza kusoma hata nywila zinazoandikwa. Aliyekwisha kuitumia arudishe ukaguzi kwa "xhost -".

Kwenye simu, weusi huweza kuwa kinga. Programu nyingi za benki huzuia kioo chake kuonekana kwingine, na hakuna sababu ya kuutafutia weusi huo tiba. Matapeli hupiga simu wakijifanya watumishi wa benki au wa kampuni ya simu, wakamwomba mwananchi apakue programu ya kuongoza simu kutoka mbali. Akikubali, husoma ujumbe wenye namba za uthibitisho na kuhamisha fedha. Aliyekwisha kuruhusu azime data mara moja, aondoe programu hiyo, abadilishe namba ya siri, kisha yeye mwenyewe aipigie benki au kampuni yake. Namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040.