Kilimia kimetoka: nipande au nisubiri?

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia meseji: "Bwana shamba, babu anasema Kilimia kimeshatoka, nipande mahindi?" Nikacheka kidogo, halafu nikaona babu ana hoja.

Kilimia ni kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana, na jina lake linatokana na kulima. Wazulu wa Afrika Kusini nao wanakiita isiLimela, neno ni lilelile. Kinakwenda na mwaka wa jua. Kaa ufukweni Mbamba Bay mwezi wa nne, jioni utakiona kikishukia ziwani kulekule jua linakotua. Mei kinapotea. Juni kinaonekana alfajiri, mashariki. Katikati ya Novemba jua likizama tu, chenyewe kinachomoza, na ndipo mvua zetu zinapoanza.

Kwa nini wasifuate mwezi tu? Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu siku 11. Ndiyo maana Ramadhani inahama. Ukilima kwa mwezi peke yake, baada ya miaka 3 umeshapotea mwezi mzima! Wachina wa kale walilijua hilo, wakawa wanaongeza mwezi wa 13, mara 7 kila miaka 19, na mwaka wa jua wakaugawa vipande 24 vya siku kama 15. Kalenda ilitolewa na mfalme mwenyewe. Pwani yetu walihesabu siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, wakaziita miongo. Makunduchi bado wanasherehekea Mwaka Kogwa kila Julai.

Sasa turudi shambani. Kilimia kinakwambia majira, hakikwambii mvua. Chenyewe hakichelewi, mvua ndiyo inachelewa. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilikimbilia mvua ya kwanza, ikakata zaidi ya wiki 2. Mbegu zikaharibika ardhini, nikanunua upya, na mbegu chotara mnajua bei yake.

Kwa hiyo kikitoka, shamba liwe safi, mbegu na mbolea ziwe ndani. Halafu sikiliza utabiri wa TMA, uchimbe uone unyevu umefika wapi. Kama jembe linaingia lote kwenye udongo uliolowa, panda.

Yule kijana nilimwambia achimbe kwanza. Jana kanitumia picha ya shimo: juu pamelowa vidole viwili, chini vumbi tupu. Anasubiri.