Mbegu, Kipando au Spora? Istilahi za Ukuzaji wa Mwani na Uzito Wake katika Sera

1. Utangulizi

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kikitanguliwa na tafiti za Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Aina zilizopandwa, spinosamu na kotonii, ziliagizwa kutoka Ufilipino. Tangu hapo neno moja, mbegu, limekibeba kilimo hicho. Makala hii inaeleza kwa nini neno hilo halitoshi pale ukuzaji wa mwani kwa spora unapoingia katika mijadala ya sera.

2. Mbegu ya mkulima

Mkulima wa Paje akitaja mbegu, anakusudia kipande cha mwani kilichokatwa kutoka mmea hai na kufungwa kwa taitai kwenye kamba iliyovutwa baina ya vigingi viwili. Baada ya takribani wiki sita huvuna, na sehemu ya mavuno hurudi kambani. Matumizi haya si kosa: ndivyo tusemavyo mbegu ya muhogo, na Kinyarwanda husema imbuto y'ibirayi kwa viazi vya kupandwa.

Kibiolojia, hata hivyo, kipande hicho ni kipando, yaani mmea uleule unaoendelea kuishi. Shamba zima huwa na urithi mmoja, na linalodhuru mmea mmoja hudhuru yote. Kotonii, yenye bei kubwa kuliko spinosamu, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi joto. Wakulima, wengi wao wanawake, wamebaki na spinosamu. Rwanda inaifahamu hatari hiyo kwa zao jingine: mwaka 2014 mihogo yake iliangamizwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao husafiri pia ndani ya vipando.

3. Njia ya spora

Spora ni seli moja isiyoonekana kwa macho, inayoachiliwa na mwani uliokomaa. Mwaka 1949 Kathleen Drew-Baker wa Uingereza alionyesha kwamba nyuzi ndogo ziishizo ndani ya magamba ya kombe ni hatua ya maisha ya mwani wa jamii ya nori. Wakulima wa Japani, waliokuwa wakingoja spora zinase zenyewe kwenye nyavu, wakaweza kuzizalisha katika matangi.

Kwa jamii ya spinosamu na kotonii, mwani wenye vinundu vya uzazi huchaguliwa, husafishwa, huachwa kivulini ukauke kidogo, kisha hurudishwa katika maji safi ya bahari. Mshtuko huo huufanya uachilie spora. Kwa kuwa spora za mwani mwekundu hazina mkia wa kuogelea, huzama na kunata juu ya kamba au mawe yaliyowekwa chini ya tangi. Hukuzwa kwa mwanga hafifu na virutubisho, kwa miezi kadhaa, hadi ziwe miche.

Faida yake ni urithi mpya: miche hutofautiana, hivyo inayostahimili joto inaweza kuchaguliwa. Ugumu wake ni kwamba mwani uliopandwa kwa vipando miaka mingi huzaa spora kwa nadra, na miche michanga hufunikwa upesi na mimea mingine ya majini.

4. Hitimisho

Waraka unaoahidi "mbegu bora za mwani" waweza kumaanisha vipando kutoka shamba jingine, au miche ya spora. Gharama, muda na hatari za mambo hayo mawili hazilingani. Mkulima aliyezoea wiki sita atajiona amedanganywa. Tunapendekeza mbegu libaki neno la jumla, na nyaraka zitofautishe kipando, spora na mche wa spora. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, imo karibu na wakulima wenyewe. Istilahi hizi zipimwe kwao kwanza, kisha zisanifiwe kwa nchi zote wanachama, ikiwemo Rwanda, iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017.