Daktari Mwenye Mtoto Mchanga

Katika darasa letu wasichana 11 twataka kuwa madaktari. Siku moja katika mdahalo mvulana mmoja alisimama akatuuliza, "Na watoto mtawazaa lini?" Tulimzomea. Walakini swali lake halikuwa la upuzi. Kosa lake ni kwamba hakuwauliza wavulana wenzake.

Natufanye hesabu. Amalizaye kidato cha sita huwa na umri wa miaka 19 au 20. Shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini. Atakaye kuwa daktari bingwa huongeza miaka 3 au zaidi. Hapo amekaribia miaka 30, na miaka hiyo ndiyo ile ile ambayo wanawake wengi huzaa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa mapacha. Baba hupewa siku 3. Mama arudipo kazini huruhusiwa kunyonyesha kwa muda usiozidi saa 2 kila siku. Tena ni marufuku kumpa kazi ya usiku katika miezi 2 baada ya kuzaa. Lakini miezi hiyo karibu yote yumo likizoni bado! Na siku 84 hazifiki miezi 3, hali madaktari hao hao hutuambia ya kuwa mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6.

Shangazi yangu ni daktari katika hospitali ya wilaya. Aliporudi kazini, zile saa 2 zilibaki katika karatasi, maana nyumbani kwake ni mbali, na mwenye uchungu anayehitaji kupasuliwa hawezi kungoja. Siku moja alikuwa akimshona mama mwingine huku maziwa yake mwenyewe yakimlowesha nguo.

Basi akajifunza kukamua. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yasiponyonywa wala kukamuliwa, mwili huyapunguza. Kwa hiyo alikamua kila alipopata nafasi, akayahifadhi katika jokofu, ambamo hudumu hata siku 4, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe.

Lakini ni nani aliyeshika kikombe? Ni bibi yetu, aliyeliacha shamba lake la mahindi misimu miwili. Watu humsifu shangazi, naye astahili, ila shamba lile sijasikia likitajwa. Shangazi mwenyewe asema kuwa kama pangalikuwa na chumba cha watoto karibu na wodi, bibi asingalihama kwake, na saa 2 za sheria zingalimfaa.

Kwa zamu za usiku, wenzake walikubali kubadilishana naye mpaka mtoto alipoanza kula uji. Deni hilo alilipa kwa kushika zamu zao za Krismasi na Idi, na mpaka leo hajalimaliza.